Barua ya wazi kwa viongozi wa Grand Rapids na Michigan: Semeni wazi kama Taser inaua au haiui

Kwa Meya na Baraza la Jiji la Grand Rapids,
Kwa Mkuu wa Polisi wa Jiji,
Kwa Wabunge wa Jimbo la Michigan, Lansing.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu Taser, bunduki ya shoti ya umeme ambayo askari wenu wanaivaa kiunoni pamoja na bastola. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu watu walioumizwa na jambo hili kuliko wote katika mji wetu wanaongea Kiswahili nyumbani, kanisani, na katika simu za usiku na ndugu waliobaki Uvira kule Kongo, au katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na Dzaleka, Malawi. Mahakama na hospitali za hapa zinatumia wakalimani wa lugha hii kila siku. Mkitaka kuielewa barua hii, hamtakosa wa kuwasomea.

Nina swali moja. Je, Taser ni kifaa cha kumdhibiti mtu bila kumuua, au ni silaha ya kuua? Hadi leo jibu linategemea ni nani aliyeishika. Ikiwa mkononi mwa askari, tunaambiwa ni salama. Mkono wa raia ukiigusa, inakuwa silaha ya kutisha kiasi cha kuhalalisha risasi. Kati ya majibu hayo mawili alikufa kijana wetu.

Tarehe 4 Aprili 2022, saa mbili na dakika kumi hivi asubuhi, Patrick Lyoya alisimamishwa na askari Christopher Schurr karibu na makutano ya barabara za Griggs na Nelson, upande wa kusini mashariki wa Grand Rapids. Sababu iliyotolewa ni kwamba namba iliyofungwa haikuwa ya gari lile. Patrick alikuwa na miaka 26, mtoto wa Mzee Peter na Mama Dorcas Lyoya, familia iliyokimbia vita Kongo, ikaishi Malawi, kisha ikapokelewa Marekani mwaka 2014. Aliteremka garini. Askari alimwambia arudi ndani, akamwuliza kama anajua Kiingereza, akataka leseni. Patrick alianza kuondoka, askari akamshika, akachomoka akakimbia. Hakufika mbali. Walishikana kwenye nyasi, mbele ya nyumba ya watu.

Itazameni tena video ya tukio hilo, safari hii mkiifuatilia Taser peke yake. Askari hana mwenzake. Anaitoa akiwa tayari ameshikana na mtu mwili kwa mwili. Inafyatuliwa mara mbili, na mara zote mbili vishale inavyorusha havimpati Patrick. Mkono wa Patrick uko kwenye Taser, na askari anamwambia tena na tena aiachie. Kamera ya kifuani inazimika, kwa maelezo ya polisi, kwa kuwa kitufe chake kilibanwa katika purukushani. Yanayofuata tunayajua kwa sababu abiria aliyekuwa na Patrick alikuwa akirekodi kwa simu. Patrick yuko chini, uso umeelekea ardhini, askari yuko juu ya mgongo wake. Bastola inatoka. Risasi moja inampiga kisogoni.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alikuwa amekunywa pombe nyingi. Silifichi hilo. Linaeleza kwa nini alihitaji kuzuiwa asiendeshe gari. Halielezi kwa nini alihitaji kufa.

Juni 2022 mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Kent alimshtaki Schurr kwa mauaji ya daraja la pili, na jiji likamfukuza kazi. Kesi ilisikilizwa mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2025. Tarehe 8 Mei baraza la mahakama lenye raia 12 lilishindwa kukubaliana, kesi ikavunjika, na wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hataifungua tena. Schurr hakutiwa hatiani, nami sijiweki kuwa hakimu wake. Nawaomba tu mtazame nguzo ya utetezi wake: alisema aliogopa kufa kwa sababu Taser ilikuwa mikononi mwa Patrick.

Sasa kumbukeni jinsi Taser ilivyoletwa kwetu. Miaka nenda rudi idara za polisi za nchi hii zimeomba fedha za kuinunua kwa ahadi kwamba itapunguza risasi. Mtengenezaji wake, kampuni ya Axon ya Arizona, ambayo hadi 2017 iliitwa TASER International, ameiuza kwa ahadi hiyohiyo. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya hapahapa Michigan ilitengua sheria iliyowakataza raia kumiliki Taser na vifaa vingine vya shoti, na sehemu ya hoja ilikuwa kwamba haviui kama bastola inavyoua. Katika jimbo hilohilo, ndani ya chumba cha mahakama, raia 12 waliombwa waamini kwamba mkono wa mtu aliyelala kifudifudi ukiwa juu ya Taser ni sababu tosha ya kumpiga risasi ya kichwa.

Mkanganyiko huu si wa upande mmoja. Mwanzoni mwa Juni 2020, mjini Atlanta, askari walishtakiwa kwa kuwapiga shoti wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa ndani ya gari, na hati za ofisi ya mashtaka zikaitaja Taser kuwa silaha ya kuua. Siku chache baadaye, tarehe 12, Rayshard Brooks alinyakua Taser ya askari, akakimbia nayo, akaifyatua kuelekea nyuma, akapigwa risasi mgongoni. Ofisi ileile ya mashtaka ikasema sasa kwamba Brooks hakuwa tishio, na watetezi wa askari wakaishikilia hati ya kwanza. Agosti 2022 mashtaka dhidi ya askari aliyempiga Brooks risasi yakafutwa. Kila upande uliipa Taser jina lililoufaa siku hiyo, kwa kuwa hakuna sheria iliyokuwa imelifunga jina hilo mapema. Hapa kwetu pia haipo.

Kuna hoja ambayo askari wengi wataitoa, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Watasema hawaiogopi shoti yenyewe. Wanaogopa kwamba askari akipigwa shoti misuli inakaza, anaanguka, na mtu anachukua bastola yake. Ni hofu ya kweli. Lakini tazameni jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Katriji inarusha vishale viwili vyenye ncha kama ndoano, kila kimoja kikiburuta waya mwembamba. Umeme unapita kati ya vishale hivyo, kwa kawaida sekunde 5 kwa kila kubonyeza. Ili misuli mikubwa ikaze, vishale vyote viwili vishike na viwe mbalimbali mwilini, na hilo linahitaji nafasi kati ya mpigaji na mpigwaji. Watu wakiwa wameshikana, vishale vinatua karibukaribu, au kimoja kinakosa, au vinanasa kwenye jaketi. Katriji zikiisha, kinachobaki ni kukigandamiza kifaa mwilini. Hapo kinaumiza sana, ila hakimlazimishi mtu kuanguka.

Kwa hiyo askari aliye peke yake, anayeitoa Taser katikati ya kukabana, anatoa kifaa ambacho kwa umbali huo hakitamsaidia, na papo hapo anaongeza kitu cha kugombania. Hatari anayoisema baadaye mahakamani ameileta mwenyewe. Silaumu moyo wake wakati ule. Nalaumu mafunzo ambayo hayakumkataza. Schurr alikuwa na gari la Patrick, alikuwa na abiria wake, alikuwa na redio. Angeweza kumwachia, akasogea nyuma na kuwasubiri wenzake. Patrick angekamatwa siku hiyohiyo au kesho yake.

Taser inaposhindwa, mara nyingi inayofuata ni bastola. Mwaka 2019 waandishi wa APM Reports walihesabu visa 258 katika miaka mitatu, nchini kote, ambapo askari walitumia Taser, ikashindwa, kisha wakampiga mtu huyo risasi akafa. Katika 106 kati ya hivyo, mtu alizidi kuwa mkali baada ya kupigwa shoti. Soma tena namba hiyo ya pili, Mheshimiwa Mkuu wa Polisi, kwa sababu inawahusu na askari wako: maumivu yasiyomdhibiti mtu yanamchochea.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Taser ifutwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukiongozwa na Dkt. William Bozeman uliwafuatilia watu 1,201 waliopigwa shoti na polisi, na asilimia 99.75 kati yao hawakuumia au waliumia kidogo tu. Ningependa kijana wetu yeyote apigwe shoti kuliko kupigwa risasi, na mama yeyote wa Kikongo atawaambia hivyo. Tatizo linaanza pale ambapo namba hiyo nzuri inafanywa ruhusa ya kuitumia kwa kila anayesita kutii.

Maana wanaokufa wapo, na Michigan inawajua. Tarehe 22 Machi 2009 kijana wa miaka 15 alikufa Bay City baada ya polisi kumpiga shoti. Tarehe 10 Aprili mwaka huohuo, wiki tatu hazijaisha, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akiwakimbia polisi wa Warren kwa miguu alikufa vilevile. Agosti 2017, Detroit, askari wa polisi wa jimbo aliyekuwa ndani ya gari lililo kwenye mwendo alimfyatulia Taser Damon Grimes, mtoto wa miaka 15 aliyekuwa akiendesha pikipiki ya magurudumu manne. Damon aligonga nyuma ya gari akafa. Mwaka 2019 askari huyo alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Ina maana mahakama ya Michigan imekwisha kukiri kwamba Taser inaweza kuua hata pale umeme wenyewe hausimamishi moyo.

Kwingine nako mahakama zimefika hapohapo. Wapenzi wa soka wanaomkumbuka Dalian Atkinson wa Aston Villa wanajua alivyokufa Telford, Uingereza, Agosti 2016: Taser ilibonyezwa sekunde 33 bila kuachiwa, kisha akapigwa mateke kichwani, na askari akafungwa miaka 8. Mei 2023, katika mji wa Cooma huko Australia, askari alimpiga shoti bibi wa miaka 95, Clare Nowland, aliyekuwa na maradhi ya kusahau, akitembelea kigari cha kujishikilia na ameshika kisu cha mezani. Alianguka, akagonga kichwa, akafa wiki iliyofuata. Askari huyo naye alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Shirika la habari la Reuters lilikusanya kumbukumbu mwaka 2017 na kukuta zaidi ya watu 1,000 waliokufa Marekani katika matukio ambayo polisi walitumia Taser. Kwa wengi palikuwa na mambo mengine pia, kama dawa za kulevya, maradhi au kukabwa. Lakini katika 153, waliochunguza maiti walitaja Taser kuwa sababu ya kifo au mchango katika kifo. Mtengenezaji mwenyewe tangu 2009 anawashauri askari waepuke kulenga kifua. Mwaka 2011 taasisi ya wakuu wa polisi iitwayo PERF, pamoja na Wizara ya Sheria ya Marekani, ilitoa mwongozo: kumpiga mtu shoti kwa zaidi ya sekunde 15 kwa jumla kunaongeza hatari, na kukimbia peke yake kusiwe sababu ya kumpiga mtu shoti. Umoja wa Mataifa nao, katika mwongozo wake wa 2020, ulionya dhidi ya kurudiarudia na kurefusha shoti.

Hayo yote ni miongozo. Kila idara inachukua inayoipenda, na siku ya kesi hakuna aliyefungwa nayo. Kwa sababu hiyo barua hii inakwenda Lansing pia, isiishie kwa Mkuu wa Polisi wa Grand Rapids. Andikeni sheria. Iseme kwamba Taser ni silaha inayoweza kuua, na iwekwe juu katika ngazi za matumizi ya nguvu: isitumike kwa mtu asiyemhatarisha mwingine, wala kwa anayekimbia tu, wala kwa aliye juu ya ukuta au anayeendesha chombo. Sekunde 15 ziwe mwisho. Iseme pia, kwa maneno ambayo baraza la mahakama litasomewa bila kuyatafsiri, kwamba raia kuishika Taser ambayo katriji zake zimekwisha si, peke yake, sababu ya kumpiga risasi. Mkiona kifungu hiki cha mwisho ni kigumu kukipitisha, basi nawaomba mtueleze hadharani ni kwa nini kifaa kisichorusha tena vishale kinatisha mkononi mwa Patrick kuliko kilivyotisha kilipokuwa kinarusha.

Jiji nalo lina ya kwake ambayo hayasubiri Lansing. Wakatazeni askari kutoa Taser wakiwa peke yao na tayari wamekabana na mtu. Wafundishwe kuachia na kujitenga. Tafuteni kamera isiyozimika kwa kubanwa kitufe, kwa sababu purukushani ndiyo saa tunayoihitaji kuliko zote. Na Taser za kisasa zinajiandikia kumbukumbu: kila kubonyeza, saa ngapi, sekunde ngapi. Kumbukumbu hizo zitolewe kwa umma ndani ya siku chache kila mtu anapoumia au kufa, na kila mwaka mchapishe nani wamepigwa shoti, wa umri gani, wa rangi gani, na kama walikuwa na silaha.

Kuna jambo lingine ambalo mtu asiyetoka kwetu hawezi kuliona kwenye video. Patrick aliteremka garini. Kwa askari wa Michigan, dereva anayeteremka ni dalili ya hatari, na mambo yanaanza kwenda kasi kuanzia hapo. Sisi tuliolelewa Kongo, Tanzania au Malawi tumezoea kumwona dereva aliyesimamishwa akishuka, akimfuata afande, akisalimia, akijieleza. Kubaki umekaa na vioo juu ndiko kunakoonekana kiburi. Sijui Patrick aliwaza nini, na sitamsemea. Najua wazazi wengi katika jamii yetu wanaendesha magari hapa na hakuna aliyewahi kuwaambia jambo hilo kwa lugha yao. Wafundisheni askari waujue mwendo huo wanapouona, kisha tupeni maelezo kwa Kiswahili na Kinyarwanda pale pale kwenye ofisi za leseni. Wachungaji na wazee wetu watayapeleka mlango kwa mlango.

Na tunapopiga simu 911 kwa sababu ndugu amechanganyikiwa, tuleteeni mtu wa afya ya akili. Dada wa Alfred Olango, mkimbizi kutoka Uganda, aliomba msaada wa namna hiyo huko El Cajon, California, tarehe 27 Septemba 2016. Walikuja askari wawili. Mmoja alifyatua Taser, mwingine akafyatua bastola, karibu kwa wakati mmoja. Alichokuwa ameshika Alfred ni kifaa cha kuvutia mvuke wa nikotini. Wakati ule hakuna aliyeipa hiyo Taser nafasi ya kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Mzee Peter Lyoya amesema mara nyingi, kupitia mkalimani, kwamba waliikimbia Kongo wakidhani wanakwenda mahali pa usalama. Tangu kesi ivunjike, nimesikia vijana wetu wakiulizana wafanye nini askari akiwaelekezea Taser. Kuizuia kwa mkono ni jambo ambalo mwili unafanya wenyewe, kabla ya akili, mtu anapoona kitu cha kumwumiza kinamkaribia. Sasa wanaambiwa kwamba mkono huo unaweza kuwagharimu maisha. Mimi kama mzazi sina cha kuwajibu zaidi ya kuwaambia walale kifudifudi na wavumilie shoti, halafu nabaki nikiwaza wale 153.

Naomba majibu yenu kwa maandishi, kila ofisi kwa nafasi yake, na naomba kikao cha wazi upande wa kusini mashariki wa mji, katika kitongoji ambako Patrick alikufa. Kifanyike jioni ya Jumamosi, maana wengi wetu tuko kwenye zamu za viwandani siku za wiki. Mkalimani wa Kiswahili awepo tangu dakika ya kwanza, na Mkuu wa Polisi aje na Taser yenyewe aiweke mezani, pamoja na katriji iliyotumika, atuonyeshe mbele ya wazazi inafanya nini ikiwa imejaa na inafanya nini ikiwa tupu.

Wasalaam,

Mama wa vijana watatu, mkazi wa Kentwood, Michigan